Bibi Aliposema Mguu Unamuuma

Katika wiki yangu ya pili kazini, kwenye makao ya wazee ya mji mdogo usio mbali na Tübingen, kusini magharibi mwa Ujerumani, bibi mmoja wa miaka 88 aliniambia asubuhi kwamba mguu unamuuma. Alisema, "Mei Fuaß duat mr weh," nami nilifurahi, kwa sababu hata kwa lafudhi ile iliyokuwa ngeni masikioni mwangu nililitambua neno "Fuß" na nilijua la kufanya. Nilipiga magoti, nikamvua soksi, nikamkagua kisigino, unyayo na nafasi zilizo kati ya vidole, kama tulivyofundishwa kuwakagua wagonjwa wa kisukari. Sikuona jeraha, wekundu wala uvimbe. Bibi alikuwa akinitazama kwa subira iliyozidi kupungua, na mwishowe alijipiga kofi pajani, karibu kabisa na nyonga, akarudia neno lilelile kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto: "Der Fuaß!"

Kijerumani nilichofundishwa Dar es Salaam hutenganisha mambo hayo mawili. "Fuß" ni kile kinachoingia ndani ya kiatu, na chote kilicho juu yake mpaka nyonga ni "Bein". Vivyo hivyo "Hand" huishia kwenye kifundo cha mkono, na kuanzia hapo kwenda juu ni "Arm". Mwalimu wetu alituhangaikia sana katika jambo hilo, kwa kuwa sisi tuna mguu mmoja tu tangu nyonga mpaka ukucha, na mkono mmoja tu tangu bega mpaka ukucha, wala hatujawahi kuona upungufu wowote. Niliwahi kupoteza alama katika zoezi kwa kuandika kuwa mtu fulani ameumia "Fuß" ilhali kwenye picha bandeji ilikuwa gotini. Nikajirekebisha, nikajizoeza mpaka nikaacha kabisa kufikiri kwa mguu wa Kiswahili. Kumbe Waswabia, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, wana mguu kama wetu. Kwao "Fuß" huanzia nyongani. Bibi hakuwa amekosea, na laiti ningemsikiliza kwa masikio ya mtu wa Lushoto, ningemwelewa mara ya kwanza.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndugu na marafiki walioko nyumbani, hasa wale wanaojiandaa kuja huku kwa masomo ya uuguzi, huniuliza kila mara niliwezaje kujifunza lugha. Wanataka kujua kozi ipi ni nzuri, programu ipi ya simu inafaa na ngazi ipi inatosha. Hayo nitayagusa, lakini si ndiyo yaliyonifundisha. Lugha niliyokuja nayo kwenye cheti na lugha niliyoikuta mezani na vitandani zilikuwa ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, na kilichoniwezesha kuvuka kutoka moja kwenda nyingine mara nyingi kilikuwa Kiswahili, na si Kiingereza kama nilivyotarajia.

Nilianza Kijerumani katika Goethe-Institut ya Dar es Salaam, nikapanda ngazi moja baada ya nyingine, A1, A2, B1, hadi nikafanya mtihani wa B2. Mtihani huo una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu huhesabiwa kwa alama 100, ambapo anayepata 60 amefaulu. Katika sehemu ya kusikiliza nilipata alama nzuri mno, na kwa kweli nilijivuna. Sikuwa nimefikiria kwamba watu wanaosikika kwenye mtihani ni watu waliokaa mbele ya kipaza sauti, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize, wakiwa na meno yao yote kinywani. Hakuna mtihani unaompa mtahiniwa sauti ya mzee ambaye meno yake ya bandia bado yamo kwenye glasi ya maji, ambaye anazungumza huku ameugeukia ukuta, katika chumba ambamo televisheni imefunguliwa kwa sauti ya juu.

Tangu mwaka 2020 mafunzo ya uuguzi Ujerumani yameunganishwa, hivi kwamba wale waliokuwa wakisomea kuhudumia wagonjwa, watoto na wazee kwa njia tatu tofauti sasa husoma pamoja kwa miaka mitatu, na sheria inataka saa zisizopungua 2,100 za darasani na 2,500 za kazini. Saa hizo 2,500 ndizo zilizokuwa shule yangu ya lugha. Darasani walimu walizungumza Kijerumani sanifu, wakaandika ubaoni, na nilipokwama niliweza kuinua mkono. Kazini hakuna ubao. Mtu anapoomba asaidiwe kwenda chooni, hana muda wa kungoja mwanafunzi atafute neno kwenye kamusi.

Jimbo hili la Baden-Württemberg lenyewe linalitania jambo hili. Mwaka 1999 serikali ya jimbo ilianzisha tangazo la kujinadi lililosema kwamba watu wake wanaweza kila kitu isipokuwa Kijerumani sanifu, na maneno hayo yalipata umaarufu nchi nzima. Nilipoelezwa habari hiyo na mwanafunzi mwenzangu nilicheka, kisha nikauliza kwa nini hakuna aliyenitumia tangazo hilo pamoja na mkataba wa kazi.

Hata hivyo sikupaswa kushangaa, kwa kuwa nimekulia ndani ya hali hiyohiyo. Kwetu Lushoto, jikoni kwa bibi yangu, lugha ilikuwa Kisambaa. Shule ya msingi ikawa Kiswahili. Sekondari ikawa Kiingereza, na aliyekamatwa akisema Kiswahili alivikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine wa kumrithisha. Bibi yule wa mguu, tulipozoeana, alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto mwalimu alimkatazakataza kuzungumza darasani kama walivyozungumza nyumbani kwao, na kwamba mpaka leo akiongea na daktari hujikaza kuyanyoosha maneno yake. Nilimweleza habari za kile kibao. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema kwamba walimu ni walewale popote.

Baada ya mguu yalifuata mengine. Siku moja aliniomba "Teppich", neno ambalo kila kitabu cha Kijerumani kinalitafsiri kuwa zulia. Nilitazama sakafuni, sikuona zulia, nikamweleza kwa upole kwamba mazulia yameondolewa vyumbani ili wazee wasijikwae. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kwa Waswabia wa umri wake "Teppich" ni blanketi, na mimi nilikuwa nikimpa mhadhara wa usalama wakati blanketi limekunjwa juu ya kiti, hatua mbili kutoka niliposimama. Siku nyingine mzee mmoja aliyekuwa akisimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu alinipa kikombe chake cha kahawa, akasema niki-"heb". Katika Kijerumani sanifu "heben" ni kuinua, nami nikakiinua kikombe juu, juu kabisa, kama mtu anayeonyesha kombe la mpira uwanjani. Alichotaka ni nikishike tu mpaka asimame sawasawa. Wanapotaka kuinua kitu wanalo neno jingine, "lupfen", ambalo sikuwa nimelisikia hata mara moja katika miaka miwili ya masomo.

Makosa ya namna hii huchekesha yanapokwisha, lakini yapo yasiyochekesha. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi, hivyo sitini na nne huwa "nne na sitini", na mtu anayeandika huku anasikiliza huandika 4 kwanza. Mwezi wangu wa kwanza muuguzi alinitajia kipimo cha presha cha 164, nami niliandika 146. Aliliona kosa palepale na hapakutokea madhara, ila aliandika kwenye taarifa yangu ya mwezi kwamba lugha yangu bado ni dhaifu, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti la kutogusa kalamu mpaka nimesikia tarakimu zote, kisha nirudie kwa sauti nikitaja moja moja: moja, sita, nne. Wauguzi wengine walianza kunijibu kwa namna hiyohiyo bila ya mimi kuwaomba.

Saa ndizo zilizonisumbua zaidi, na ninapenda kuzieleza kwa kirefu kwa sababu Mswahili ana shida mbili mahali ambapo wageni wengine wana moja. Shida ya kwanza ni ile inayojulikana, kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, hivyo "drei" ya mchana kwetu ni saa tisa. Hiyo nilikwishaizoea kwa sababu ya Kiingereza. Ya pili ni kwamba Mjerumani anaposema "halb drei", nusu ya tatu, hamaanishi saa tisa na nusu; anamaanisha saa nane na nusu. Waswabia wamelipeleka jambo hili mbele zaidi: "viertel drei", robo ya tatu, ni saa nane na robo, na "dreiviertel drei", robo tatu za tatu, ni saa tisa kasorobo. Nilitumwa nimpeleke mzee mmoja kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo saa "dreiviertel drei". Nilihesabu saa tisa, nikaongeza robo tatu, nikafika naye saa kumi kasorobo, mzee akiwa amevalishwa vizuri na kuchanwa nywele. Mtaalamu alikuwa amekwishaondoka, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mzee huyo, ambaye zamani alikuwa seremala, ndiye aliyenifafanulia tulipokuwa tukirudi. Alichukua glasi tupu iliyokuwa mezani ukumbini, akamimina maji kidogo, akasema, hii ni robo ya tatu. Akaongeza mpaka katikati, akasema, hii ni nusu ya tatu. Akaongeza tena, robo tatu za tatu. Akaijaza mpaka ukingoni, akasema, tatu. Saa haijawa tatu mpaka glasi ijae. Nilimwambia kwamba sisi nasi husema "kasorobo", yaani saa imepungukiwa na robo ijae, na kwamba neno hilo kwetu ni moja tu, halina nafasi katikati. Aliniomba nilitamke mara tatu. Sijawahi kukosea saa za Kiswabia tangu alasiri hiyo, na kila ninapotazama saa ya ukutani ninaona glasi.

Kuhusu sarufi, watu wengi hukata tamaa kwa sababu ya "der", "die" na "das", yaani zile jinsia tatu za nomino ambazo hazina mantiki inayoonekana: kijiko ni mume, uma ni mke, kisu si mume wala si mke. Wenzangu waliopitia Kiingereza pekee waliliona jambo hili kuwa dhuluma. Nami nililiona hivyo mpaka nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe, bila ya kufikiri, husema kijiko kimeanguka, uma umeanguka, machungwa yameanguka na sahani imeanguka, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa nini uma uende na u- na sahani iende na i-. Kijerumani kina ngeli tatu. Tofauti ni kwamba ngeli zetu nyingi huonekana usoni pa nomino, na zao zimefichwa, kwa hiyo inabidi nomino ishikwe pamoja na kiambatanishi chake tangu siku ya kwanza, kama vile mtoto wetu anavyoushika "uma" na "u-" yake kwa pamoja.

Lipo hata fumbo moja ambalo Kiswahili kililifumbua kabisa. Wageni wote hushangaa kwa nini msichana, "das Mädchen", si wa jinsia ya kike. Jibu ni kwamba lile "-chen" la mwisho ni la kudunisha ukubwa, na kila nomino inayodunishwa huhamia kwenye "das", hata kama ni mtu. Sasa mtazame mtoto wetu: mtoto analia, lakini kitoto kinalia. Amehamishwa ngeli kwa sababu amepunguzwa ukubwa. Waswabia hutumia "-le" badala ya "-chen", na huibandika karibu kila mahali, nyumba ikawa kijumba na kikombe kikawa kijikombe, bila ya dharau yoyote. Mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka ishirini na saba, niliitwa "Mädle" na wazee wa ghorofa nzima. Nilimweleza mwalimu wetu wa lugha habari za kitoto kinalia, naye aliiandika ubaoni.

Ambapo Kiswahili hakikunisaidia ni kwenye vitenzi vinavyokatwa vipande viwili. Sisi tukisema "nivishe" au "nivue", jambo limekwisha, mtu anajua atie au atoe. Mjerumani huanza na "ziehen", akaeleza koti lenyewe, rangi yake na nani aliyelileta, na neno moja dogo la mwisho, "an" au "aus", ndilo linaloamua kama koti linavaliwa au linavuliwa. Kulikuwa na babu aliyekuwa akisinzia kabla ya kulifikia neno hilo. Nilikuwa nikisimama na mkono mmoja wa koti lake, nikingoja.

Adabu nayo ni sehemu ya lugha, na hapo niliumia kidogo. Nimelelewa kutomwita mtu mzima kwa jina lake. Mzee huamkiwa shikamoo, huitwa bibi, babu, mama au mzee, na anayemtaja kwa jina huonekana hakulelewa. Kwa hiyo, kwa heshima zangu zote, nilimwita yule bibi "Oma", yaani bibi. Msimamizi wangu wa mafunzo alinivuta kando akaniambia kwamba "Oma" ni neno la wajukuu zake, na kwamba mhudumu anayelitumia kwa mzee asiye wa ukoo wake humfanya mzee huyo kuwa mtoto. Mzee anastahili "Frau" na jina la ukoo, pamoja na "Sie", ile nafsi ya heshima. Nililielewa kwa akili siku hiyohiyo, lakini ulimi ulichukua miezi. Kumtaja mwanamke anayemzidi mama yangu kwa jina, uso kwa uso, tena kwa sauti ya juu kwa sababu hasikii vizuri, kulinifanya nitamani kuinama. Mpaka leo, ninapoingia chumbani mwake asubuhi, husema "Grüß Gott", salamu ya huku kusini, na jina lake kama inavyotakiwa, na ndani ya moyo nimekwishatanguliza shikamoo.

Kuna saa moja ya wiki niliyoipenda kupita zote. Alasiri ya Jumatano wazee walikusanywa ukumbini, na mhudumu alisoma nusu ya methali, wao wakaimalizia. "Morgenstund hat," alianza, na ukumbi mzima ukajibu, "Gold im Mund", kwamba saa ya alfajiri ina dhahabu kinywani. Waliojibu kwa sauti kubwa ni pamoja na mama mmoja ambaye hakuwa akiyakumbuka tena majina ya watoto wake. Nilisimama mlangoni nikiwa na trei ya chai, mwili ukanisisimka, kwa sababu hivyo ndivyo methali zinavyosemwa kwetu: mmoja huanza, "Haraka haraka," na asiyejibu "haina baraka" si mwenzetu. Nilipowaambia kwamba nasi tunafanya hivyo, walitaka niwafundishe. Kwa wiki kadhaa ukumbi ule wa Waswabia ulijibu "haina baraka" kwa pamoja, kisha mtu akaongeza "Eile mit Weile", methali yao iliyo karibu kabisa na yetu.

Wanaouliza nilijifunza kwa njia gani, nitasema kwa kifupi. Nilikuwa na daftari dogo katika mfuko wa sare, na sikuandika neno moja moja. Niliandika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, jina la chumba ilikosemwa, na jioni nilitafuta maana yake. Programu za simu zilinisaidia kwenye basi, basi. Nilikataa kujibiwa kwa Kiingereza, jambo ambalo mjini mkubwa lingekuwa gumu, kwa kuwa vijana wa huko hubadilisha lugha mara tu wanaposikia lafudhi ya kigeni. Mjini kwetu wazee hawakuwa na Kiingereza cha kubadilishia, na namshukuru Mungu kwa hilo. Na zaidi ya yote nilisoma gazeti kwa sauti. Yule bibi hakuona tena vizuri, hivyo nilipomaliza zamu nilikaa naye robo saa nikimsomea gazeti la eneo letu, ambalo yeye alitaka lianzie kwenye matangazo ya vifo. Alinisahihisha kila herufi. Ile "ch" ya kooni haikunipa tabu, kwa kuwa tangu madrasa ya jirani nilikuwa nikisikia "kheri" ikitamkwa ipasavyo. Lakini "ü" ilinitesa, na kwa miezi mingi niliwaambia wazee kwamba wakihitaji msaada waichapishe kengele, "drucken", badala ya kuibonyeza, "drücken". Hakuna aliyeniambia mpaka yule seremala alipouliza kama anapaswa kuichapisha kwa rangi au kwa wino mweusi tu.

Siku moja ya mapumziko nilipanda basi kwenda Derendingen, ambako leo ni sehemu ya mji wa Tübingen. Alizaliwa hapo mwaka 1810 mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye alifika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe na mtoto wake mchanga muda mfupi baadaye. Mwaka 1848 alifika Usambara, akapokewa Vuga na mfalme Kimweri, yaani nyumbani kwetu kabisa. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa hapahapa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Yaliyofuata baada ya wamisionari tunayajua, na Lushoto yenyewe ikaja kuitwa Wilhelmstal na watawala wa Kijerumani. Sina haja ya kumpamba mtu yeyote. Ila nilipokuwa nikitembea katika barabara zile nilikuwa nikijiuliza swali la mwanafunzi mwenzake: Mswabia huyu, ambaye bila shaka alilelewa kwa "Fuaß" kama wa bibi yangu wa makao, je, alipofika pwani na kuambiwa kwamba mtu anaumwa mguu, alipata shida yoyote kuelewa? Nadhani alielewa mara moja. Nilikumbuka pia kwamba hata "hela" tunayoitafuta huku imetoka jirani. Iliingia kwetu na sarafu ya Heller iliyoanza kutumika katika koloni la Wajerumani mwaka 1904, na jina la Heller lilitokana na mji wa Schwäbisch Hall, ulio katika jimbo hilihili.

Nilimaliza mafunzo mwaka 2024 na nikabaki mahali palepale. Yule bibi sasa ana kumbukumbu chache, na kadiri anavyosahau ndivyo Kijerumani sanifu kinavyomtoka kwanza, kile alichokuwa akikitumia kwa madaktari, na kinachobaki ni cha nyumbani kwao. Nilikwishakuona hivyo kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye katika miaka yake ya mwisho alikiacha Kiswahili na kurudi kwenye Kisambaa, hata wajukuu waliokulia Tanga mjini wakawa hawamwelewi bila ya mkalimani. Mkalimani alikuwa mimi.

Majira ya baridi yaliyopita tulipata muuguzi mpya aliyehamia kutoka Hamburg, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi, Mjerumani wa kuzaliwa. Usiku wake wa kwanza wa zamu alinipigia simu kutoka ghorofa ya pili, akaniomba nipande haraka. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akiangalia sakafu, naye bibi kitandani akirudia jambo lilelile kwa hasira. Muuguzi alinieleza kwa Kijerumani kizuri cha redioni kwamba mgonjwa anadai zulia tangu robo saa iliyopita, kwamba amekwishamweleza kuwa mazulia hayaruhusiwi, na kwamba anahofia amechanganyikiwa zaidi ya kawaida, pengine daktari aitwe.

Nilichukua blanketi lililokunjwa juu ya kiti, nikamfunika mpaka mabegani. Bibi alinyamaza. Kisha akatoa mkono nje ya blanketi, akanielekezea paja lake, nami nikamgeukia mwenzangu nikamtafsiria kwamba mguu unamuuma, na kwamba asimvue soksi.